Sanduku la Santuri: maswali yenu kuhusu Randy Weston

Barua za safari hii zinamhusu mtu mmoja: Randy Weston (1926–2018), mpiga piano wa Brooklyn aliyekwenda Nigeria mwaka 1961 na 1963, kisha akahamia Moroko na kuishi huko miaka kadhaa. Tumezipunguza urefu tu.

Nilisikia redioni kipande cha jazi ambacho kabla ala hazijaanza kuna mtu anasoma maneno kwa Kiswahili, sauti ya kizamani kabisa. Mtangazaji akasema ni kazi ya Mmarekani. Ni santuri gani, na ninunue toleo lipi?
*Msomaji, Morogoro*

Hiyo ni Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York Novemba 1960 na kutolewa na kampuni ya Roulette, namba R 65001. Sauti uliyoisikia ni ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, akisoma shairi la Langston Hughes. Weston alitaka kazi yake ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika. Akaulizia kwa wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijajitawala. Ilibaki miezi kumi na mitatu.

Kazi ina sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. (Mwalimu wa sarufi atakunja uso kwa hilo la mwisho, lakini mcheza dansi hatakosa kulielewa.) Bendi ni kubwa. Wapo Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Kenny Burrell kwenye gitaa, Max Roach, Olatunji, na konga za Candido na Armando Peraza. African Lady inaimbwa na Martha Flowers na Brock Peters. Mpangaji wa muziki ni Melba Liston, na jina hilo uliandike mahali, maana tutalirudia. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku santuri hii mwaka 1964.

Sasa kununua. Toleo la kwanza la Roulette ni adimu, na mengi yaliyobaki yamechezwa sana. Kama unachotaka ni kusikiliza, tafuta moja ya CD mbili: ile ya Roulette ya 1990 inayounganisha Uhuru Afrika na Highlife katika sahani moja, au kasha la sahani tatu la Mosaic Select la 2003, ambalo ndani yake zimo pia rekodi za Jubilee na United Artists. Kasha hilo likikupita kwa bei ya kueleweka, usiliache.

Ukitaka LP ya asili, yaani sahani yenyewe ya plastiki, usiliamini jalada peke yake. Mwombe muuzaji picha tatu: lebo ya upande wa kwanza, lebo ya upande wa pili, na ule ukanda mtupu ulio kati ya mwisho wa muziki na lebo. Kwenye ukanda huo namba ya matriki (namba ya kiwandani ya kutambulisha upande huo) imechorwa au kugongwa ndani ya plastiki. Haionekani kwa mwanga wa juu, kwa hiyo mwambie alaze tochi ubavuni mwa sahani. Namba ya matriki iwiane na ya lebo. Jalada lenye alama ya mistari ya kusomwa na mashine si la 1961, kwa sababu alama hizo hazikuwapo wakati huo. Picha iliyofifia, yenye nukta ndogondogo kama ya gazeti, ni jalada lililopigwa skani kutoka jalada jingine. Sahani nzito ya gramu 180 nayo ni ya zama zetu hizi. Matoleo ya marudio si haramu, ila yasiuzwe kwa bei ya asili.

Mono (sauti ya chaneli moja) au stirio (ya chaneli mbili)? Kwa kazi hii sisi tungechukua stirio, kwa vile wapigangoma ni wengi na sikio linahitaji nafasi ya kuwatenganisha.

Nimenunua African Cookbook mara mbili kwa wauzaji wawili tofauti. Nyimbo hazifanani, wanamuziki hawafanani. Je, moja ni ya bandia?
*Msomaji, Mombasa*

Zote mbili ni halali, ndugu yetu. Umekumbana na ugonjwa mkubwa wa kukusanya Weston: jina moja hukaa juu ya kazi mbili, na kazi moja huvaa majina mawili.

Ile yenye lebo ya Atlantic, SD 1609, ilitoka 1972 lakini muziki wake ni wa 1964. Weston aliirekodi kwa pesa zake na kuitoa kwa lebo yake mwenyewe, Bakton, ikiitwa Randy tu. Atlantic walipoichukua wakaipa jina la kibao chake kirefu. Humo yumo Booker Ervin kwenye saksofoni, Ray Copeland kwenye tarumbeta, na Big Black kwenye ngoma za mkono. Ile nyingine, ya Polydor, ilirekodiwa Paris 1969 na kikundi kidogo, Henri Texier akiwa kwenye besi na Art Taylor kwenye ngoma. Mtu akikuuzia Randy ya Bakton kama "kazi nyingine kabisa" na wewe tayari unayo ya Atlantic, unalipia jalada na historia. Muziki ni uleule.

Mitego mingine ya aina hii: African Nite ya Owl ya Ufaransa, piano peke yake, 1975, ndiyo Nuit Africaine ya Enja. Zulu, albamu ya sahani mbili ya Milestone ya 1977, ni mkusanyo wa rekodi za Riverside za miaka ya 1950; kwa asiyeweza kugharimia zile za asili ni ununuzi mzuri sana. Berkshire Blues ilitoka 1977, lakini ilirekodiwa 1965. Blues na Blue ni santuri mbili tofauti. Highlife ni albamu, Hi-Fly ni wimbo. African Rhythms ni jina la albamu, la bendi yake, na la klabu aliyofungua Tangier.

Dawa ni kununua kikao cha kurekodi, jina liwe baadaye. Kila santuri iandikie kadi yenye tarehe ya kurekodiwa (mwaka wa kutolewa uandike kando), mji, majina ya wanamuziki, namba ya katalogi, matriki ya kila upande, na hali ya sahani na jalada, kila kimoja peke yake. Kadi mbili zikigongana tarehe na wanamuziki, unazo nakala mbili za kitu kimoja.

Bajeti yangu ni ya santuri tano au sita kwa mwaka. Nianzie wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Fuata jina la Melba Liston. Alikuwa mpiga tromboni kutoka Marekani, na kila alipompangia Weston muziki, piano ile ilipata nyumba ya kukaa. Little Niles ya United Artists (UAL 4011) ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ni ya kwanza, ikiwa na mapigo ya waltzi kwa ajili ya watoto wa Weston. Kisha Uhuru Afrika. Kisha Highlife ya Colpix (CP 456) ya 1963, Weston alipotoka Lagos: imo Niger Mambo ya Bobby Benson wa Nigeria na Mystery of Love ya Guy Warren wa Ghana. Kisha Tanjah ya Polydor ya 1973. Ya tano iwe The Spirits of Our Ancestors ya Antilles, CD mbili, iliyorekodiwa 1991, ambamo Dizzy Gillespie na Pharoah Sanders ni wageni.

Hapo umepata bendi. Ili uusikie mkono wa Weston mwenyewe, ule wa kushoto unaogonga chini kabisa mwa piano kama ngoma kuu, ongeza Blues to Africa ya Arista Freedom, 1974. Ni piano peke yake, na mara nyingi bei yake huwa ya wastani.

Wengi huanzia Blue Moses ya CTI (6016) ya 1972, kwa sababu ndiyo iliyouzwa kuliko zote na inapatikana kirahisi. Sisi tungeiweka nyuma. Humo Weston anapiga piano ya umeme, chombo asichokipenda, na sauti za okestra za Don Sebesky ziliongezwa baadaye yeye hayupo. Freddie Hubbard anapuliza vizuri, hilo halina ubishi. Ukiinunua, angalia neno VAN GELDER limegongwa kwenye ukanda mtupu; ndilo linaloonyesha kwamba sahani ilichongwa na Rudy Van Gelder, aliyerekodi kikao chenyewe. Halafu linganisha na Blue Moses iliyomo kwenye The Spirits of Our Ancestors, kwa piano ya kawaida. Utaona alichokuwa akikitafuta.

Za Riverside za mwanzo ziache mpaka mfuko uruhusu. Cole Porter in a Modern Mood (RLP 2508) ya 1954 na The Randy Weston Trio (RLP 2515) ya 1955, yenye Art Blakey, ni sahani ndogo za inchi 10. Majalada yake ni laini, na mishono karibu kila mara imeachia.

Nimeletewa mtambo wa santuri kutoka Marekani. Nimeununulia transfoma ya kushusha umeme kuwa volti 110. Unazunguka, lakini piano inasikika nzito, kama mtu aliyelewa. Sindano imechoka?
*Msomaji, Mwanza*

Sindano haina kosa. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hertzi (mapigo ya umeme kwa sekunde). Umeme wa Marekani ni hertzi 60, wetu 50, na mota ya mitambo mingi ya zamani inafuata hertzi. Kwa hiyo sahani iliyopaswa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika inazunguka karibu mara 28. Upande wa dakika 20 unachukua dakika 24, na piano nzima inashuka nusu-toni tatu na ushee. Pima kwa saa: hesabu mizunguko kwa dakika moja, ukiwa umebandika kipande cha karatasi ukingoni.

Kama mtambo ni wa mkanda wa mpira, puli ndogo ya mota ndiyo inayoamua kasi. Watengenezaji wengi walitoa puli mbili, ya hertzi 50 na ya 60. Ile ya 50 ni nene zaidi kwa uwiano wa 6 kwa 5. Fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukuchongea, mradi apime kipenyo cha ile ya zamani kwa kaliper na tundu lake liwe katikati kabisa. Likienda kando hata kidogo, noti ndefu za piano zitayumba, na piano haisamehe kuyumba kama sauti ya mtu inavyosamehe. Mitambo yenye mota ya umeme wa DC, au ile ya kuzungusha moja kwa moja inayoongozwa na fuwele ya kwazi (quartz), haina tatizo hili. Hiyo transfoma yako inaitosha.

Santuri zangu za zamani zimeota madoa meupe na zinakwaruza. Nizioshe vipi bila kuziharibu?
*Msomaji, Tanga*

Madoa hayo ni kuvu. Joto la pwani na unyevu hewani, ukiongeza jalada la karatasi lililobanwa ukutani, ni shamba lake. Toa sahani nje ya nyumba, vaa barakoa, na ufute vumbi kavu kwanza kwa brashi laini. Ukianza na maji utatengeneza tope ndani ya mifereji ya sauti.

Changanya mililita 800 za maji yasiyo na madini, mililita 200 za spiriti ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na harufu. Maji hayo yanauzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Usitumie spiriti ya bluu ya kuwashia jiko. Rangi yake hubaki ndani ya mifereji. Maji ya bomba nayo huacha chumvi, na chumvi hiyo ndiyo mlio wa "ch-ch-ch" utakaousikia baada ya kuosha.

Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, maana wino wa lebo nyingi za zamani huchuja. Lowanisha kitambaa cha nyuzi ndogondogo, pitisha kwa mzunguko kufuata mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Fanya mizunguko mitano kila upande. Acha dakika moja. Futa, kisha suuza mara mbili kwa maji yaleyale yasiyochanganywa na kitu. Simamisha sahani kwenye kichanja cha vyombo mpaka ikauke yenyewe, angalau nusu saa kivulini.

Bahasha ya ndani ya zamani tupa. Ukiirudisha, kuvu inarudi nayo. Weka bahasha mpya ya polithini laini, si ile plastiki ngumu ya kung'aa ya PVC, ambayo kwa joto huacha ukungu juu ya sahani usiotoka kwa sabuni yoyote. Santuri zisimame wima, ziachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na zisikazwe.

Onyo moja: dawa hii ni ya plastiki tu. Kama sandukuni mna sahani za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika kama kigae, za zama za akina Siti binti Saad, usizisogezee spiriti. Zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki.

Na kama baada ya yote hayo bado inakwaruza mahali palepale kila mzunguko, huo ni mkwaruzo. Haufutiki.

CD ya Weston na Wagnawa wa Moroko niliyonunua karibu haina piano kabisa. Nimepunjwa?
*Msomaji, Zanzibar*

Hukupunjwa. The Splendid Master Gnawa Musicians of Morocco, iliyorekodiwa Marrakech 1992, ni santuri ya Wagnawa wenyewe: sauti zao, makofi, vyuma vya qaraqeb na gimbri, ala ya nyuzi tatu yenye ngozi inayonguruma kama besi. Weston anapiga katika kipande kimoja tu, Chalabati. Isikilize hiyo kwanza, kisha urudi Tanjah na Blue Moses, utatambua mkono wa kushoto ulikojifunzia.

Kwa kuwa unanunua CD: zilizochapwa Uingereza na kiwanda cha PDO kati ya 1988 na 1993, za kampuni yoyote, zichunguze chini ya taa. Baadhi hugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, na nyimbo za mwisho huanza kukatika kwanza, kwa kuwa CD husomwa kutoka ndani kwenda nje. Ukiona wekundu huo, nakili leo.

Kila santuri ninayoagiza inafika imepinda au jalada limepasuka juu. Nifanyeje?
*Msomaji, Muscat*

Mambo mawili tofauti. Jalada linapasuka kwa sababu sahani iko ndani yake na kila mshtuko unaifanya kuwa kisu. Mwandikie muuzaji kabla ya kulipa: sahani itolewe, iwekwe kwenye bahasha yake nyuma ya jalada, na vyote vibanwe kati ya makadibodi mawili magumu, mistari ya moja ikikata ya nyingine.

Kupinda ni joto. Plastiki ya santuri huanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 hivi, na gari lililofungwa juani, huko kwenu hasa, linapita hapo bila shida. Omba isafirishwe miezi ya baridi. Ikifika, acha kifurushi chumbani saa kadhaa kabla ya kukifungua. Sahani iliyopinda kidogo ilaze kati ya vioo viwili safi vya milimita 6, uweke vitabu juu, wiki mbili au tatu. Haitanyooka kabisa, ila sindano itaacha kuruka. Wanaokushauri tanuri wamezoea kupoteza santuri za watu wengine.

Nataka kuzinakili kwenye kompyuta kabla hazijaisha. Nimejaribu, sauti imetoka nyembamba, haina besi.
*Msomaji, Arusha*

Umechomeka mtambo kwenye tundu la maikrofoni. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na milio ya juu ikiwa imezidishwa, ili mifereji isiwe mipana mno na kelele za sindano zifunikwe. Kinachorudisha mizani ni kikuza sauti cha phono. Kinaweza kuwa ndani ya amplifaya yako, kwenye tundu lililoandikwa PHONO, au kisanduku cha pembeni. Toka hapo uingie kwenye kompyuta kwa tundu la LINE. Ukisikia mngurumo wa "mmmm", waya wa ethi wa mtambo haujafungwa kwenye skrubu yake.

Rekodi kwa kilohertzi 96 na biti 24. Dakika 20 zitakula megabaiti 690 hivi. Ukizihifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti, zinapungua karibu nusu bila kupoteza kitu. Kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Pima kwenye kipande chenye kelele kuliko vyote, na kwa Uhuru Afrika anza na Bantu, usianze na utangulizi wa maneno.

Kwa santuri za mono, rekodi chaneli zote mbili, kisha zichanganye ziwe moja. Mfereji wa mono una muziki wa kwenda kushoto na kulia tu, na kila kinachopanda na kushuka ni uchafu, ambao ukichanganya chaneli unajifuta wenyewe. Utasikia kelele zikishuka papo hapo. Faili uipe jina kwa namba ya katalogi, matriki na upande. African Cookbook mbili zikikaa folda moja kwa majina ya jalada tu, utarudi kule alikokwama msomaji wetu wa Mombasa.